Nyaya Ulizounga Nikiwa Kazini

Akiru mwanangu,

Ulipotoka mchana huu kwenda kusukwa nywele, nilifungua begi lako. Nikatoa kile kipimo cha umeme alichokupa Papa Bahati, nikakifunga ndani ya leso na kukificha chini ya godoro langu. Halafu nikaketi juu yake. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoona aibu nilikirudisha mahali pake, katikati ya sweta na taulo, nikafunga zipu. Ukifika Eldoret utakikuta. Lakini nimeona afadhali ulijue jambo hili kutoka kwangu, kwa sababu ndilo jibu la lile swali uliloniuliza Jumapili tulipotoka kanisani.

Uliniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Nikakwambia hakuna. Ukaniangalia kidogo, kisha ukatangulia ukikanyaga mchanga, viatu mkononi.

Hukunikosea. Ninakuonea wivu. Nimelitafutia neno jingine lenye heshima zaidi na sikulipata.

Habari za baridi, za kula, za watu wa kuepuka, shangazi yako amekwisha kukueleza, na baba yako atazirudia kwa simu akimaliza zamu yake pale zahanati ya Lopur. Mimi niachie hili moja.

Kuhusu redio, wewe unaijua ile hadithi fupi ninayowapa wageni. Ndefu ni hii. Nilitoka Lokitaung na cheti cha kidato cha nne, nikaajiriwa Kakuma katika chumba cha redio cha shirika moja la misaada. Kazi yangu ilikuwa kuita magari yaliyo njiani: uko wapi, umepita wapi, mko salama? Madereva walikuwa wanaume wakubwa, wengine wazee kuliko baba yangu, na hapakuwa na aliyewasha injini kabla sauti yangu haijamruhusu. Kisha simu za mkononi zikafika, chumba kikafungwa, nami nikapata kazi hii ya masjala hapa Lodwar, ya kupanga mafaili. Kulikuwa na redio moja kuukuu waliyotaka kuitupa. Nikaiomba. Nikafanya mtihani wa serikali nikapewa leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu.

Ofisini mimi ni mama wa mafaili. Kijana aliyeajiriwa juzi ananiita kwa kidole. Lakini jioni nikiketi kwenye kiti changu pale dirishani na kubonyeza maiki, mimi nilikuwa Lodwar yenyewe. Watu wa Kitale, wa Nairobi, hata wa Arusha walinyamaza wanisikilize. Bwana Wafula wa Eldoret, mwenye karakana ya sola na redio, hakukosa hata jioni moja. Alisema hahitaji nijitambulishe, kwa sababu redio yangu ilikuwa na mngurumo chini ya sauti, kama mashine ya posho inayosaga mbali. Alinitambua kwa huo mngurumo. Nilicheka naye. Nilikuwa pia nachomwachomwa midomoni nikiikaribia maiki, na nikadhani redio zote zina tabia hiyo.

Sasa najua sababu. Ile pawa saplai, kifaa cha kuilisha redio kwa stima ya nyumba, niliichomeka kwenye soketi ambayo fundi hakuiunga waya wa athi, ule unaoshuka ardhini. Betri ya sola nayo ilikuwa na nyaya zake peke yake. Redio ilikuwa na nondo yake ya shaba niliyoipigilia mwenyewe mchangani chini ya dirisha, na nyumba ilikuwa na nondo yake nyingine upande wa pili, kwenye mita ya stima. Nondo hizo mbili hazikuunganishwa popote. Nilijivunia sana ile yangu. Niliimwagia maji wakati wa kiangazi kama mtu anayemwagilia mche.

Papa Bahati ndiye aliyenifundisha nadharia ya mtihani. Unamjua kama mzee wa kibanda cha mabati pale soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anayetengeneza redio na sola. Mimi nilimjua kabla hujazaliwa. Huko kwao Bukavu alikuwa mhandisi wa umeme. Hapa hakuwa na ruhusa ya kurusha sauti hewani, basi alitosheka kusikiliza na kutengeneza. Kwa miaka mingi, kila nilipokwenda Kakuma kumwona dada yangu, nilipitia kwake na swali. Nilimuuliza jibu la hili ni lipi, la lile ni lipi, nikayaandika, nikayakariri, nikafaulu. Nilijihesabu kuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

Ulipokuwa kidato cha pili nilikuacha kwake nikaenda kwa dada yangu. Niliporudi mlikuwa mmeinamia pawa saplai iliyofunguliwa, vichwa vyenu vinakaribia kugusana, na hakuna aliyenisikia nikibisha. Ulikuwa unamuuliza kwa nini boksi la chuma linaweza kumrusha mtu wakati waya wa stima haujaligusa. Yeye alicheka kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Aliponiona akaniambia, "Mama Akiru, huyu mutoto wako anauliza maulizo yenye weye haukuuliza hata siku moja."

Alikuwa anakusifu wewe. Mimi nilisikia nusu ya pili tu. Njiani ulizungumza mpaka Lodwar, nami nilikuwa nikiitikia mm, mm.

Basi ukamaliza kidato cha nne ukarudi nyumbani. Siku moja nilitoka ofisini nikakuta meza yangu imesogezwa, redio iko sakafuni, na nyuma ya meza umepigilia bamba la shaba ulilolitoa kwenye bomba la friji bovu na kulipondaponda mpaka likanyooka. Kila kifaa, pawa saplai, kontrola inayochunga chaji ya sola, redio, kile kisanduku cha antena, ulikitolea waya wake mfupi mnene mpaka kwenye hilo bamba. Soketi uliifungua ukaiunga inavyotakiwa. Kutoka kwenye bamba waya ulishuka hadi nondo ya dirishani, na kutoka hapo ulikuwa umechimba mfereji kuzunguka nyumba yote, kwenye jua hilo, ukaufukia waya mpaka nondo ya mita ya stima. Mikono yako ilikuwa imetoka malengelenge.

Nilikukaripia. Nilikuuliza ni nani amekuruhusu. Uliweka jembe chini ukanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa.

"Mama, hizi zote sasa ni kitu moja. Radi ikikuja zinapanda pamoja, zinashuka pamoja. Hakuna mahali ya kuruka."

Nikakwambia ardhi ya hapa ni kavu, nondo haishiki kitu. Ukasema ndiyo, ni kavu, na ndiyo maana kuziunga zenyewe kwa zenyewe ni muhimu kuliko hata nondo. Kisha ukawasha redio.

Mngurumo haukuwepo. Niliinamia spika nikadhani haijawaka. Nikaishika maiki, nikaileta mpaka mdomoni, na midomo yangu haikusikia chochote. Mtu mwingine angekukumbatia. Mimi nilihisi kama mgeni ameingia nyumbani kwangu akapanga vyombo vizuri kuliko mimi.

Jioni hiyo Bwana Wafula hakunitambua mpaka nilipotaja jina la kituo. Akashangaa, akauliza nimebadilisha nini, sauti iko safi hivyo. Wewe ulikuwa nyuma yangu, unafagia mchanga ulioingia na buti zako. Nikabonyeza nikasema, "Nimerekebisha nyaya."

Nime. Nilisikia ufagio ukisimama. Kisha ukaendelea, ukamaliza kufagia, ukaenda kupika ugali. Hukulitaja jambo hilo siku hiyo wala baadaye. Nilijua ulisikia, na kwa kuwa ulinyamaza nilikaa nao ule uongo kama nguo niliyopewa.

Halafu ikaja ile mvua. Ilikuwa Jumamosi, wewe uko sokoni. Ulikuwa umenisihi mara nyingi kwamba nikiona wingu upande wa milima ya Loima nichomoe antena niiache nje, kwa sababu nyaya zako hazizuii radi, zinapunguza tu madhara yake. Niliona wingu. Lakini siku hizo ulikuwa umeanza kusomea leseni yako, na watu hewani walikuwa wakiniuliza, binti yuko? Nilipenda kukitumia kiti changu ukiwa hupo. Nikasema nitamalizia kwanza mazungumzo haya.

Radi ilipiga nguzo ya stima nyuma ya nyumba ya Mama Ekai. Chumba kiligeuka cheupe. Sikusikia mlio, niliusikia kifuani. Nilipoona tena, maiki ilikuwa bado mkononi mwangu, kuna harufu ya plastiki, fyuzi ya pawa saplai imekatika na kontrola ya sola imeungua. Redio ilikuwa nzima. Mkono wangu ulikuwa mzima.

Mama Ekai alikuja mvuani analia. Friji yake ya soda ilikuwa imekufa, na televisheni za nyumba mbili zaidi. Alisimama mlangoni akaangalia taa ya redio.

"Mama Akiru, kwako hakuna kitu imeungua?"

Nikamwambia kidogo tu. Akauliza fundi wangu ni nani. Nikasema ni fundi wa hapa hapa. Wakati huo ulikuja mbio, umelowa, mfuko wa sukuma wiki umeuangusha getini. Hukuiangalia redio. Ulinishika mikono yote miwili ukaigeuza viganja juu, ukakagua kidole kimoja kimoja. Ndipo ukaenda kuziangalia nyaya zako.

Nilimpigia simu Papa Bahati kesho yake nikamsimulia. Alinitaka nirudie nilikuwa nimeshika nini. Kisha akanieleza kwamba kama nondo zile mbili zingekuwa bado mbalimbali, umeme wa radi ungepanda upande wa mita ya stima wakati upande wa dirisha uko chini, na ungetafuta njia ya kutoka huku kwenda kule. Njia ilikuwa moja: pawa saplai, redio, maiki, na mimi niliyeishika. Akasema, "Mama, mutoto amekuokoa." Nikamshukuru kwa kunielimisha nikamuuliza habari za mke wake.

Sikukwambia. Nakwambia leo. Ninaishi kwa sababu ulichimba mfereji kwenye jua nikakugombeza. Na ukweli mchungu zaidi ni kwamba hata baada ya kujua hivyo wivu haukuniacha. Nilidhani ungeondoka. Ulikaa palepale, pamoja na shukrani, na sikujua la kufanya na vyote viwili.

Papa Bahati alipopata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali alituita tumuage. Unakumbuka kibanda kilivyokuwa kitupu, amegawa kila kitu, yamebaki mabirika mawili na kile kipimo cha njano kwenye msumari wake. Tulikunywa chai. Alisimama akakishusha kipimo, akakifuta kwa shati lake, akatugeukia. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Miaka yote ile, nani mwingine? Akakuwekea wewe mapajani. Mkono wangu nikaupitisha kwenye gauni kana kwamba napangusa makombo. Yeye hakuona, alikuwa analia. Wewe pia ulikuwa unalia. Mimi peke yangu macho makavu, na wote wawili mlifikiri nimejikaza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo limenikalisha hapa na kalamu.

Unawaambia watu, na juzi ulisema mbele ya kanisa zima, kwamba mama yako alipewa nafasi ya Eldoret akakuachia. Watu waliitikia amina. Pasta alinishika bega. Sitaki uende ukiamini hivyo.

Ile jioni Bwana Wafula aliponiita, alisema karakana yake inaunda vituo vya redio na sola kwa zahanati za mbali, na anahitaji mtu mmoja wa kukaa mwaka mzima, ajifunze na pia awafundishe vijana kuunga nyaya vizuri. Akasema anakumbuka kazi niliyoifanya hapa kwangu. Chumba cha kulala kipo. Je, ningependa kuja?

Nikasema, "Ndiyo. Nitakuja."

Sikusita. Kabla sijaachilia kitufe nilikuwa nimekwisha kuondoka, Akiru. Niliyaona mafaili yamebaki na yule kijana wa kidole. Nilijiona nimevaa ovaroli, nimesimama mbele ya vijana, wananiuliza nami najibu. Nilikuwa na jibu la kila kitu, kwa sababu nilikuwa nimekutazama na kukusikiliza kwa mwaka mzima nikijifanya sisikii. Wewe ulikuwa nje unaanika nguo, na sikukuwaza hata kidogo.

Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, kabla ya kuziunga zile nondo mbili nilipima nini kati yake, na baada ya kuziunga nikapata nini.

Vipimo vilikuwa vyako. Uliazima kipimo cha fundi wa jirani siku ile nami niko kazini, na sikuwahi kukuuliza ulipata nini, kwa kuwa kuuliza kungekuwa kukiri kwamba kazi si yangu. Niliendelea kubonyeza kitufe bila kusema neno, na Eldoret yote ikasikiliza kimya changu. Nikageuka. Ulikuwa umesimama mlangoni na beseni tupu. Nikakupa maiki.

"Muulize binti yangu. Ndiye aliyeunga."

Ukajibu palepale. Ukamwambia kwamba kabla kipimo kilikuwa kinacheza, na fundi wa kuchomelea wa jirani akiwasha mashine yake kinapanda, na baada ya kuunga kikatulia karibu na sufuri. Alikuuliza la pili, la tatu. Nilisikia sauti yake ikibadilika, kama ya Papa Bahati siku ile. Mlipomaliza nafasi ilikuwa yako. Ulinikumbatia na beseni likaanguka, ukaniambia asante Mama, asante Mama.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikupa maiki kwa sababu nilikuwa nimekwama. Asingeuliza lile swali, begi lililo mlangoni lingekuwa langu, na ningefika huko na maarifa yako mdomoni.

Huko uendako utakutana na watu watakaokuonea wivu. Nilipokuwa msichana nilidhani watu wa namna hiyo ni wabaya, na wanajulikana kwa sura. Wengine watakuwa wanakupenda. Watakupikia, watakufulia, watalia ukiugua, na siku hiyohiyo watasema nime kuhusu kazi ya mikono yako. Usiwachukie wote. Lakini usinyamaze pia. Ule ukimya wako wa jioni ile ulikuwa heshima, na mimi niliutumia. Mtu akisema nime nawe ndiye uliyefanya, sema palepale, kwa sauti ya kawaida, ni mimi. Hata akiwa mkubwa. Ungeniambia mimi hivyo, ningekasirika siku mbili, halafu ningepumzika.

Na itakuja siku utaketi na msichana anayeuliza vizuri kuliko wewe, utahisi kitu kikikushika hapa chini ya mbavu. Sijui dawa yake. Ningekuwa nayo ningekuwekea begini. Ninachojua ni kwamba changu kilikua kwa sababu nilikificha, na tangu nianze kukiandika mchana huu kimelegea kidogo. Kidogo tu.

Mimi nilipoteza mengi kwa kuogopa kuuliza. Pale Kakuma, mwanamke mmoja katikati ya madereva, nikiuliza "kwa nini?" walisema, unaona, hajui. Nikajizoeza kujua majibu na kuacha sababu. Tabia ile ilinifaa kwa kazi ile. Iliniharibia kwa Papa Bahati, na ikaniharibia kwako, uliyekuwa na sababu zote hapa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Wiki iliyopita, ulipokuwa unaaga rafiki zako, niliufukua mfereji wako upande wa jikoni. Nilitaka kuona. Nimeelewa jinsi ulivyoibana nondo, nimeelewa kwa nini kila kifaa kina waya wake badala ya kupitia kwa mwenzake. Lakini kwenye kona ya nyumba waya umeupindisha polepole, mpindo mpana kama wa barabara, ingawa kona ni kali na waya ungetosha kukunjwa hapo hapo na kazi ikapungua. Nilichuchumaa hapo muda mrefu. Nilikuwa na swali, ukarudi, nikalimeza, nikafukia.

Naliuliza sasa. Kwa nini uliupindisha hivyo? Usinijibu kwa simu. Nijibu hewani, jioni, mbele ya wa Kitale na wa Arusha na wote, wasikie kwamba mimi ndiye niliyeuliza na wewe ndiye unayenieleza. Na kama Bwana Wafula akihitaji mtu mwingine mwaka ujao, usimwambie habari za mama yako. Mwambie kuna mwanamke Lodwar mwenye leseni.

Nilitaka sana niende mimi. Unaenda wewe. Nenda, na ukifika unijibu.

Mama yako